Gattefossé: Mkemia aliyewahimiza wakulima wa lavenda

KWA mkulima mdogo, kuuza zao ghafi mara nyingi ni kumwachia mwingine faida. René-Maurice Gattefossé, mkemia wa Ufaransa, alilitambua hilo mapema katika karne iliyopita, akawahimiza wakulima wa milimani walichukulie ua la lavenda kama biashara kamili.

Gattefossé alizaliwa mwaka 1881 karibu na jiji la Lyon. Baba yake, Louis, alikuwa ameanzisha kampuni ya familia mwaka 1880. Kijana alisomea ukemia, kisha akaingia katika biashara ya nyumbani, ambayo ilishughulika na malighafi za manukato.

Enzi hizo lavenda nyingi iliota yenyewe katika milima ya Provence, kusini mashariki mwa Ufaransa. Wanavijiji waliikata kwa mundu na kuibeba mgongoni. Ardhi yao ilikuwa ya mawe na kavu, vijana walikimbilia mijini, na mashamba mengi yakabaki vichaka. Huku nyuma, viwanda vya manukato vya mji wa Grasse vilizidi kuhitaji mafuta.

Gattefossé aliona nafasi hapo. Aliwahimiza wakulima waache kutegemea lavenda ya porini tu, waipande mashambani, na waboreshe namna ya kukeneka mafuta.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kilo 100 za maua mabichi hutoa mafuta yasiyozidi kilo moja hivi. Anayesafirisha maua analipia mzigo mkubwa wa majani na maji, lakini anayekeneka karibu na shamba husafirisha chupa chache. Isitoshe, mafuta yakihifadhiwa vizuri hayaharibiki upesi kama maua, hivyo mwenye mali halazimiki kuuza siku ile ile kwa bei ya kutupa.

Kazi ya kukeneka nayo haina uchawi. Maua hushindiliwa ndani ya pipa la chuma, mvuke wa maji hupitishwa kutoka chini, na mvuke huo hubeba mafuta hadi kwenye bomba lililopozwa. Ukishapoa, mafuta huelea juu ya maji na kukingwa.

Julai 1910, Gattefossé alipata ajali. Mlipuko katika maabara yake ulimuunguza vibaya, na vidonda vya mikono vikaanza kuoza. Aliviosha kwa mafuta ya lavenda, na baadaye akaandika kuwa kuoza huko kulikoma. Msomaji asichukulie kisa hiki kuwa tiba: aliyeungua apelekwe hospitali. Lakini kwa Gattefossé, tukio hilo lilimfanya achunguze matumizi ya mafuta ya mimea nje ya manukato. Mwaka 1937 alitoa kitabu kilichoipa fani hiyo jina ambalo dunia inalitumia hadi leo, aromatherapia. Alifariki mwaka 1950 mjini Casablanca, Morocco.

Wakulima wa Provence hawakukosa misukosuko. Lavenda chotara, iitwayo lavandini, ilienea kwa kuwa hutoa mafuta mengi zaidi kwa eka na hustawi hata maeneo ya chini, ingawa mafuta yake huuzwa kwa bei ndogo. Waliobaki na lavenda halisi ya milimani wasingeweza kushindana kwa wingi, hivyo walishindana kwa ubora. Mwaka 1981 mafuta ya lavenda ya Haute-Provence yalipata nembo rasmi ya asili, inayolinda jina la eneo na namna ya uzalishaji.

Kwa mkulima anayefikiria zao la mafuta ya kunukia, somo liko wazi. Kabla ya kununua miche, ajue mambo matatu: nani atanunua, mtambo wa kukeneka uko umbali gani, na kilo moja ya mafuta inahitaji mzigo kiasi gani wa maua. Asiyeuliza hayo huishia kulima kwa faida ya mwenye mtambo.