Ibn Khaldun na Vitabu vya Tarehe

Sheikh Abdurrahman bin Khaldun, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Tunis mwaka 1332, sawa na 732 Hijria. Alihifadhi Kurani angali mtoto. Tauni ya mwaka 1348 ilipowachukua wazazi wake na wengi wa waalimu wake, aliingia katika utumishi wa wafalme, akaonja cheo, na kifungo pia.

Mwaka 1375 alijitenga na mambo ya utawala, akakaa katika ngome ya Ibn Salama, nchi ya Aljeria ya leo. Huko akavizingatia vitabu vya tarehe alivyovisoma, hasa vya al-Masudi, aliyemhesabu kuwa imamu wa fani hiyo. Al-Masudi alitaja kuwa jeshi la Bani Israili zama za Nabii Musa lilifika watu 600,000. Ibn Khaldun hakukitupa kitabu, wala hakuikubali khabari kwa kufuata tu. Aliuliza nchi gani ingeweza kulilisha jeshi hilo, na uwanja gani ungeweza kulikusanya.

Kwa mizani hiyo aliandika Muqaddima kwa miezi 5, mwaka 1377. Alipohitaji vitabu zaidi, akarudi Tunis. Baadaye alihamia Misri, akawa kadhi wa Kimaliki. Mwaka 1384 jahazi lililowaleta ahali zake lilizama. Naye, juu ya msiba huo, hakuacha kusomesha wala kukisahihisha kitabu chake, hata akafariki Cairo mwaka 1406.

Basi ampaye mwanawe kitabu cha tarehe na amfundishe mambo mawili: kumheshimu mwandishi, na kuipima khabari yake.