Maisha ya Harry Ferguson, mtu wa trakta ndogo



Wiki ile tuliyorudi toka likizo, mabishano yalitokea ndani ya bweni juu ya trakta. Mmoja wetu alikuwa ametembea Uganda kwa wajomba wake, akaona kule trakta nyekundu ya Massey Ferguson. Akarudi akisema hakuna marki nyingine inayoweza kuifikia. Mwenzake akamjibu kwamba marki ni rangi tu, chuma ni chuma. Wakabishana mpaka taa ikazimwa, na hata gizani maneno yaliendelea. Kumbe wote wawili hawakujua kwamba Ferguson alikuwa mtu. Basi leo tunaandika maisha yake.

Harry Ferguson alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884, kijijini Growell karibu na Dromore, upande wa kaskazini wa Ayalandi. Baba yake alikuwa mkulima, na nyumbani walizaliwa watoto 11. Baba alikuwa mtu wa dini, mkali sana, na Harry hakuweza kuelewana naye. Kazi ya shamba hakuipenda, na imani ya baba yake pia hakuifuata. Tunayaandika hayo vile yalivyokuwa, hatupendi kumpamba mtu. Mwaka 1902 akaenda mjini Belfast kwa kaka yake Joe, aliyekuwa na garaji ya kutengeneza baisikeli na motokari. Hapo ndipo mikono yake ilipata kazi inayoifaa.

Alikuwa kijana asiyetulia. Alishindana kwa pikipiki. Halafu akasikia habari za watu wanaoruka, akajitengenezea ndege yake mwenyewe, na tarehe 31 Desemba 1909 akairusha pale Hillsborough. Alikwenda mita 120 hivi tu, si zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Lakini ndani ya Ayalandi hakuna aliyeruka na ndege ya motere mbele yake. Mwaka 1911 akafungua garaji yake mwenyewe.

Wakati wa vita vya 1914 chakula kilipungua, na serikali ikataka mashamba mengi yalimwe. Ferguson alikuwa anauza trakta kutoka Marekani zilizoitwa Overtime. Mwaka 1917 alipewa kazi ya kuzunguka nchi kuangalia namna wakulima wanavyotumia trakta, na alikwenda pamoja na fundi wake Willie Sands. Yale waliyoyaona hayakuwapendeza. Trakta za wakati ule zilikuwa nzito sana, zinakandamiza udongo. Plau ilifungwa nyuma kama mtu anavyofunga mkokoteni. Ubaya mkubwa ulikuwa huu: plau ikigonga jiwe au mzizi, magurudumu ya nyuma yanaendelea kusukuma, basi pua ya trakta inainuka juu na mashini yote inaanguka kinyumenyume juu ya dereva. Watu walikufa hivyo. Trakta ya Fordson, iliyotoka kwa wingi kwa Henry Ford tangu 1917, ilijulikana kwa hatari hiyo.

Wengine wangesema tuongeze uzito mbele. Ferguson alifikiri kwa njia nyingine: trakta na plau viwe kitu kimoja. Hapa tunaomba wenye kupenda fizika wakaze macho kidogo. Alifunga plau kwa pointi tatu, mikono miwili chini na mmoja juu katikati. Udongo ukivuta plau kwa nyuma, ule mkono wa juu unasukuma kuelekea mbele, na pua ya trakta inakandamizwa chini badala ya kuinuka. Tena akaweka pompa ya mafuta inayosikia nguvu ya mkono ule. Udongo ukiwa mgumu, pompa inainua plau kidogo; ukilainika, inaishusha. Uzito wa plau na wa udongo unakaa juu ya magurudumu ya nyuma, kwa hiyo trakta nyepesi inavuta kama nzito. Na plau ikigonga jiwe, magurudumu yanazunguka bure, dereva anabaki mzima. Hati ya uvumbuzi wa kuongoza plau kwa pompa aliipata mwaka 1926. Kutoka hapo mpaka trakta yake ya kwanza kuuzwa kulipita miaka 10.

Hiyo ya kwanza ilitengenezwa 1936 pamoja na David Brown, mwenye kiwanda Huddersfield, Uingereza. Haikuuzwa sana. Bei yake, pauni 224, ilipita ile ya Fordson, na mnunuzi alipaswa kununua na plau mpya, kwa maana zile za zamani hazikuingia kwenye pointi tatu. Brown alitaka kubadili trakta iwe na nguvu zaidi. Ferguson hakukubali kubadilishiwa hata kitu kimoja. Wakaachana.

Mwisho wa mwaka 1938 Ferguson alipeleka trakta yake Marekani, akaionyesha kwa Henry Ford shambani kwake Dearborn. Mzee Ford alikuwa ametafuta trakta nzuri kwa miaka mingi. Alipoona vile inavyolima, wakapatana palepale: Ford atengeneze, Ferguson auze. Hakuna karatasi iliyoandikwa, hakuna avoka. Walipeana mikono tu. Mwaka 1939 trakta ya Ford 9N ikatoka kwa bei ya dola 585, na mpaka 1947 zilitengenezwa zaidi ya 300,000. Mbele kulikuwa na jina la Ford, na chini yake kibao kilichotaja namna ya Ferguson.

Mkono hauna kumbukumbu kama karatasi. Mzee Ford alikufa Aprili 1947, na mjukuu wake, Henry Ford wa pili, alikuwa ameshaukata mkataba ule. Kampuni yake ikatoa trakta mpya, 8N, yenye pointi tatu zilezile na pompa ileile, na kuiuza kwa njia yake yenyewe. Wauzaji wengi wa Ferguson wakahamia huko. Fikirini mkulima wa Marekani siku zile. Miaka minane alipenda trakta moja yenye majina mawili, sasa majina yamegombana na kila moja lina trakta yake, nazo zinafanana kama mapacha. Uaminifu wake aupeleke wapi? Wengi walimfuata Ford, sababu muuzaji aliyewajua, mwenye piesi dukani, alikuwa upande ule. Ferguson akapeleka kesi mahakamani, akidai dola milioni 251. Kesi ilikwisha mwaka 1952, akapewa milioni 9 na robo.

Lakini hakukaa akilia. Tangu 1946 trakta yake mwenyewe, TE20, ilikuwa inatoka Coventry, Uingereza, kwa kiwanda cha Banner Lane. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya majivu, uzito wake tani moja na kidogo. Ferguson alikuwa mtu wa usafi na utaratibu kupita kiasi, na trakta ilimfanana. Karibu kila ekru ya kufungua kila siku ilifunguliwa na spana moja tu, na spana ile ilikuwa na alama za kupimia, hata kina cha plau. Mkulima aliye mbali na garaji aliweza kuitunza mwenyewe. Mpaka 1956 zilitoka 517,651.

Wakati huohuo hapa Afrika Mashariki kulionekana mfano wa kinyume. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza shamba kubwa la karanga pale Kongwa, Tanganyika. Walileta trakta nyingi zilizokwisha kutumika vitani, za marki mbalimbali, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa trakta. Piesi zikakosa, mafundi wakakosa, udongo wakati wa jua ulikuwa mgumu kama saruji. Haukupita muda mrefu, mashini nyingi zilikuwa zimelala. Mwaka 1951 kazi iliachwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Trakta za Ferguson zilifika hata mahali pasipo na shamba. Tarehe 4 Januari 1958 Edmund Hillary, yule aliyepanda Everest, alifika Ncha ya Kusini ya dunia na trakta tatu za TE20 zilizofungwa minyororo kwenye magurudumu. Zilikwenda polepole juu ya barafu, lakini zilifika. Mbele yao hakuna motokari iliyokuwa imefika pale kwa njia ya nchi kavu.

Wakati huo Ferguson hakuwa tena mwenye trakta. Mwaka 1953 aliunganisha kampuni yake na Massey-Harris ya Kanada. Walipobishana juu ya dola milioni moja ya bei, wakarusha sarafu juu. Ferguson akapoteza milioni ile, bila kununa. Mwaka uliofuata akatoka katika kampuni kabisa, akarudia motokari, akitafuta namna magurudumu yote manne yavute pamoja. Miaka ya mwisho alisumbuliwa sana na huzuni na kukosa usingizi. Alikufa nyumbani kwake Abbotswood, Uingereza, tarehe 25 Oktoba 1960, kwa dawa za usingizi zilizozidi. Waliochunguza hawakuweza kusema kama alikusudia au hapana. Mwaka 1961 motokari aliyoiacha, P99, ilishinda mashindano pale Oulton Park.

Sasa turudi bwenini. Jina Massey Ferguson lipo tangu 1958, lakini kampuni ilinunuliwa na AGCO ya Marekani mwaka 1994, na Banner Lane ilifungwa 2002. Na pointi tatu za Ferguson ziko leo kwenye trakta za karibu kila marki, nyekundu, kijani au buluu. Kwa hiyo anayesema marki ni rangi tu ana ukweli wake. Rafiki yetu wa Uganda naye ana wake: trakta aliyoiona ina mafundi wanaoijua na piesi mjini. Kutoka kwetu Walikale, njia ikiwa matope mvua nzima, piesi moja ndogo inaweza kulaza mashini mpaka muhogo ukaote juu yake.

Na kwa wenzetu wa Masisi wenye mashamba kwenye milima, jambo moja. Namna ya Ferguson inazuia trakta kuanguka kinyumenyume. Kupinduka kwa ubavu kwenye mteremko haizuii, na marki yoyote inapinduka. Hapo jembe la mkono bado lina kazi, na mabishano ya juzi hayakufika huko, juu taa ilikuwa imezimwa.