Marie Nyswander, daktari wa kile kikombe cha methadoni

Kuna vijana wa Kuze na Kibokoni ambao kila asubuhi wanavuka Daraja la Nyali kwenda zahanati ya Kisauni. Wanakunywa kikombe kidogo cha methadoni mbele ya mhudumu, basi, wanarudi zao. Kesho hivyo hivyo. Na barazani hukosi mtu wa kusema huo ni unga wa serikali, wamebadilisha jina tu. Kama nawe ni mmoja wao, kaa kidogo nikupe habari za mwanamke mmoja.

Marie Nyswander alizaliwa 1919 mjini Reno, Marekani, akamaliza udaktari Cornell 1944. Alitaka upasuaji. Akajikuta Lexington, Kentucky, kwenye hospitali ya serikali ya waraibu ambayo ilikuwa nusu hospitali, nusu jela. Hakupenda alichokiona. Mgonjwa alichukuliwa kama mhalifu, na wengi wakitoka walirudia heroini.

Akasomea magonjwa ya akili, akafungua kazi New York. Mwaka 1956 akatoa kitabu kilichosema mraibu ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Leo unaona kawaida, lakini zama zile daktari Marekani aliogopa hata kumwandikia mraibu dawa, asije akashtakiwa. Marie akawatibu watu Harlem Mashariki kwa mazungumzo, miaka na miaka. Walimpenda, ila wengi waliishia mtaani tena. Hapa ndipo ninapomvulia kofia: hakuwalaumu wagonjwa, aliitilia shaka tiba yenyewe.

Mwaka 1964 akaungana na Vincent Dole wa Taasisi ya Rockefeller, pamoja na daktari kijana Mary Jeanne Kreek. Walianza na mofini. Ikafeli: wagonjwa walikaa tu mbele ya TV wakingoja sindano inayofuata, na dozi ikizidi kupanda. Wakawahamishia methadoni, dawa ya maumivu iliyotengenezwa Ujerumani kabla ya Vita vya Pili. Watu wakabadilika. Mmoja akaanza kuchora, mwingine akataka shule. Agosti 1965 wakachapisha matokeo ya wagonjwa 22. Mwaka huohuo Marie na Dole wakaoana (maabara nayo ina mambo yake).

Tofauti iko wapi? Unga unapanda haraka na kukata baada ya saa chache, ndiyo maana arosto inakurudisha maskani. Methadoni ya kunywa inapanda polepole na kukaa siku nzima au zaidi. Dozi ikikaa sawa hulewi, huumwi, unaenda kazini. Marie na Dole waliufananisha uraibu na kisukari: mwili umebadilika, unahitaji dawa yake kila siku.

Lakini huko kukaa mwilini ndiko kwenye hatari, kwa hiyo soma hapa taratibu. Wiki za mwanzo dozi hupandishwa kidogo kidogo, kwa sababu unapokunywa ya leo, ya jana bado imo. Ukiona haijashika ukaongezea unga, pombe au bugizi, pumzi inaweza kukatika ukiwa usingizini. Ukikosa siku tatu mfululizo, usidai dozi yako ya zamani. Mwili umeshaanza kuisahau, waache kliniki wakupime upya. Ukianzishiwa dawa za TB, waambie mapema: rifampisini inafanya methadoni iishe haraka mwilini, arosto inarudi, nawe unadhani umepunjwa. Ramadhani ikiingia, saa ya kunywa usijipangie mwenyewe, waulize. Na mwenzako akikoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, haamki, usimmwagie maji wala kumwacha alale. Mkimbize hospitali. Kuna dawa inaitwa naloksoni, inaweza kuirudisha pumzi, lakini lazima iwahi.

Halafu kuna lile swali la nyumbani, utaacha lini? Mama anauliza, shangazi anauliza, hata jirani asiyehusika. Marie aliliona sana. Wagonjwa wengi waliotolewa kwenye dawa walirudiwa na hamu ya unga, hata baada ya miaka mizuri. Kupunguza kunawezekana, tena taratibu, wewe na daktari mkikubaliana. Kukatisha ghafla ili watu wanyamaze ni kujitafutia balaa, na kwa dawa nyingi za akili mambo ni hayo hayo.

Saratani ilimchukua Marie Aprili 1986, akiwa na miaka 67. Mwaka 1988 Dole akapewa tuzo ya Lasker kwa kazi ile waliyoifanya pamoja. Kenya ilianza kutoa methadoni hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014. Ilipofika Kisauni, ilikuwa imepita miongo kadhaa tangu ile ripoti ya watu 22.