Mchoraji wa Mahandaki

Ndugu msomaji, hapa Wingwi wewe unajua shimo ni kitu gani. Umepita mara nyingi karibu na mashimo ya wachimba mawe. Sasa fikiri kwamba umo ndani ya shimo kama hilo usiku. Mvua inanyesha, na maji yamekufika magotini. Huwezi kutoka, kwa sababu adui anakungoja na bunduki. Je, ungeweza kucheka?

Alikuwako mtu mmoja aliyekaa katika mashimo ya namna hiyo, akachora picha zilizowachekesha maelfu ya watu. Jina lake ni Bruce Bairnsfather. Haya ndiyo maisha yake.

Ujana wake

Bairnsfather alizaliwa tarehe 9 Julai 1887 katika mji wa Murree, Bara Hindi. Wakati ule nchi hiyo ilitawaliwa na Waingereza. Siku hizi mji huo umo katika nchi ya Pakistani. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Akiwa bado mtoto, alipelekwa Uingereza kusoma.

Alipokua aliingia jeshini kama baba yake, lakini moyo wake ulipenda kuchora. Mwaka 1907 aliacha jeshi, akaenda kujifunza uchoraji katika mji wa London. Kazi hiyo haikumpa riziki ya kutosha. Basi akafanya kazi ya umeme, huku akichora kila alipopata nafasi.

Vita vinaanza

Mwaka 1914 Vita Vikuu vya Kwanza vilianza. Vilifika hata kwetu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani iliipiga manowari ya Waingereza iliyoitwa Pegasus, katika bandari ya Unguja.

Bairnsfather alirudi jeshini, akapelekwa Ufaransa na Ubelgiji. Huko askari wa pande zote mbili walichimba mahandaki, yaani mifereji mirefu ya kujificha. Waingereza walikaa upande huu, Wajerumani upande ule. Katikati palikuwa na uwanja mtupu, na aliyekanyaga hapo alipigwa risasi.

Maisha ya handakini yalikuwa ya taabu. Palikuwa na matope, baridi, panya na chawa. Chakula kilikuwa kile kile cha mikebe kila siku. Lakini siku ya Krismasi ya mwaka 1914 Bairnsfather aliona jambo la ajabu. Askari wa pande mbili walitoka mahandakini bila silaha, wakasalimiana. Yeye na afisa mmoja wa Kijerumani walipeana vifungo vya makoti yao. Baadaye wakarudi kupigana.

Picha ukutani

Karibu na mahandaki palikuwa na nyumba iliyobomolewa na mizinga. Bairnsfather alijificha humo na wenzake. Ili kupitisha wakati, alichora picha za kuchekesha kwenye kuta. Wenzake walicheka, kwa sababu walijiona wenyewe katika picha zile. Mwaka 1915 alipeleka picha moja kwa gazeti la London lililoitwa Bystander, nalo likaichapa.

Mwezi wa Aprili mwaka huo kombora lilipasuka karibu naye. Masikio yake yaliumia na akili yake ikatikisika. Akarudishwa Uingereza kutibiwa. Gazeti lile likamwomba achore zaidi.

Ndipo akamchora Mzee Bill. Huyu si mtu wa kweli. Ni askari mtu mzima, mwenye masharubu makubwa na kofia ya sufi iliyofunika masikio. Katika picha iliyojulikana sana, Mzee Bill na mwenzake wamo katika shimo. Makombora yanapasuka kila upande. Mwenzake hapendi shimo lile. Mzee Bill anamwambia kwamba kama anajua shimo lililo bora, na ahamie huko. Katika picha nyingine, askari ananung'unika kwa sababu jemu ya mkebe ni ya matunda yale yale ya siku zote.

Kwa nini watu walicheka?

Walicheka kwa sababu picha zilisema kweli. Wakubwa wengine hawakuzipenda. Waliona zinawavunjia askari heshima. Lakini askari wenyewe walizipenda. Baadaye serikali ilitambua kwamba kicheko kinampa askari nguvu. Ikampeleka Bairnsfather awachore pia askari wa Ufaransa, Italia na Marekani. Mwaka 1917 mchezo wa kuigiza wa Mzee Bill ulionyeshwa London.

Katika Vita Vikuu vya Pili aliwachorea askari wa Marekani waliokuwa Ulaya. Alikufa tarehe 29 Septemba 1959, akiwa na umri wa miaka 72.

Tunajifunza nini?

Ndugu msomaji, wazee wetu wamesema kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Bairnsfather alikilalia kitanda kile. Hakuwacheka askari kutoka mbali. Alicheka pamoja nao, kwa kuwa taabu yao ilikuwa yake. Kicheko hakikuondoa matope wala hakikufufua waliokufa. Lakini kiliwasaidia walio hai kuvumilia, na watu waliobaki nyumbani wakapata kujua kidogo mambo ya handakini.

Nawe sasa unajua kushika kalamu. Umepata taabu zako, shambani au baharini, na nyingine mlizichekea nyinyi wenyewe zilipokwisha. Ziandike. Wajukuu wako watazisoma, watacheka, na watajua mlivyoishi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini askari walizipenda picha za Bairnsfather?
2. Kuna tofauti gani kati ya kumcheka mtu na kucheka pamoja naye?
3. Eleza taabu moja ambayo wewe na wenzako mliichekea baadaye.