Prem Chand, jenerali wa India aliyekomesha kujitenga kwa Katanga

Wakaaji wa Beni na Butembo wamezoea kuwaona askari wa kigeni wenye kofia za buluu, wakiwemo Wahindi. Lakini Wahindi walifika Congo zaidi ya miaka 60 iliyopita, na mmoja wao, Jenerali Dewan Prem Chand, ndiye aliyeongoza vita vilivyorudisha Katanga mikononi mwa serikali kuu.

Prem Chand alizaliwa mwaka wa 1916, India ikiwa bado chini ya Waingereza. Aliingia jeshini wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru wa 1947 akaendelea katika jeshi la India hadi kuwa jenerali.

Mwaka wa 1962 alitumwa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kuongoza majeshi ya Umoja wa Mataifa katika Katanga. Jimbo hilo lilikuwa limejitenga tangu mwezi wa saba 1960 chini ya Moïse Tshombe, aliyetegemea mamluki wa kizungu na pesa za madini. Mwezi wa kumi na moja 1961, Baraza la Usalama lilikuwa limeruhusu nguvu itumike ili kuwafukuza mamluki hao.

Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili 1962, askari wa Tshombe waliwafyatulia risasi walinda amani kwa siku kadhaa. Tarehe 28, Prem Chand alianzisha mashambulizi. Wahindi, Waethiopia na wengine walitoka barabarani, huku ndege za Sweden zikipiga uwanja wa Kolwezi. Viongozi wa New York walitaka askari wasiende haraka, lakini Wahindi walivuka mto Lufira, ambao madaraja yake yalikuwa yameharibiwa, na tarehe 3 mwezi wa kwanza 1963 wakaingia Jadotville, yaani Likasi. Tarehe 14 Tshombe alikubali kwamba kujitenga kumekwisha. Wiki moja baadaye Kolwezi ilichukuliwa.

Baada ya Congo, Prem Chand aliongoza walinda amani wa Cyprus kuanzia 1969 hadi 1976. Alikuwa huko Uturuki ilipovamia kisiwa hicho mwaka wa 1974. Akiwa na miaka zaidi ya 70, aliitwa tena kuongoza askari wa Umoja wa Mataifa nchini Namibia, iliyopata uhuru tarehe 21 mwezi wa tatu 1990. Alifariki mwaka wa 2003.

Historia yake inagusa swali ambalo wakaaji wa Beni wamekuwa wakiuliza tangu mauaji ya raia yalipoanza mwezi wa kumi 2014: kofia za buluu ziko hapa kufanya nini? Mwaka wa 2013 Umoja wa Mataifa ulikuwa umeunda kikosi maalum chenye ruhusa ya kushambulia makundi yenye silaha, lakini watu waliendelea kuuawa mashambani. Hasira ililipuka mwezi wa saba 2022. Mjini Butembo, raia kadhaa walipoteza maisha, pamoja na polisi wawili wa India na askari mmoja wa Morocco.

Katanga, Prem Chand alikuwa na ruhusa, silaha, na adui aliyejulikana alipo. Huko Beni adui hujificha msituni, hana mji wa kutekwa wala kiongozi wa kutia sahihi. Ndiyo maana ushindi wa 1963 haujarudiwa, na familia zilizopoteza watu wao bado zinangoja ulinzi.