Fleming na Vijidudu Vilivyoasi

Hayati Alexander Fleming alizaliwa mwaka 1881 katika shamba la Lochfield, Scotland. Babaye alimfia angali na miaka saba. Ujanani alikuwa karani katika kampuni ya meli mjini London, hata aliporithi fedha za ami yake, akaingia chuo cha uganga cha hospitali ya St Mary's.

Vita Kuu ya Kwanza vilimpeleka Boulogne, Ufaransa. Huko aliona askari walionusurika risasi wakifa kitandani kwa majeraha yaliyooza. Madaktari walimimina dawa kali vidondani. Yeye akathibitisha ya kuwa katika jeraha lenye kina, dawa hizo ziliua chembe za damu zinazomlinda mgonjwa, na vijidudu vikasalia chini salama salimini.

Kisa cha Septemba 1928 chajulikana: alirudi likizoni akakuta sahani moja ya vijidudu vya usaha imeota ukungu, na kandokando ya ukungu vijidudu vimeyeyuka. Hiyo ndiyo penisilini. Kuisafisha kulimshinda, waliofaulu ni Florey, Chain na wenzao wa Oxford. Magazeti yalimpa Fleming sifa zote, jambo ambalo mimi naliona si haki. Tuzo ya Nobel ya 1945 waligawana watatu hao.

Katika hotuba yake ya Desemba mwaka huo, dunia ikishangilia, yeye alionya. Alipiga mfano wa bwana mmoja mwenye kuumwa koo, ajinunuliaye penisilini na kuitumia kidogo. Vijidudu havifi, bali vyapata usugu. Amwambukiza mkewe, mke apata kichomi, dawa haimfai, afa. Kwa hesabu ya Fleming, mwenye kubeba lawama ya kifo kile ni mume.

Haikuchukua muda. Kufikia 1948, katika hospitali moja ya London, zaidi ya nusu ya vijidudu vya usaha vilivyopimwa havikuijali penisilini. Mwaka 1959 ikaja methisilini. 1961 vikatangazwa vilivyoishinda hiyo nayo. Penye vidonda vingi na dawa nyingi, ndipo viliposomea.

Fleming alifariki Machi 1955, akazikwa katika kanisa la St Paul's. Leo mgonjwa aliyepasuliwa akitunga usaha, daktari makini hapendi kubahatisha. Usaha hupelekwa maabara ukapandwa sahanini, juu yake vikawekwa vipande vya karatasi vilivyotiwa dawa mbalimbali. Kesho yake mtaalamu hutazama ni kipi kilichozungukwa na duara tupu, kama alivyotazama Fleming. Kuna siku haonekani duara hata moja.