Catharine Beecher, Mwalimu Aliyepanga Jiko Lisilo Lake

Kiswahili chetu kinabebesha neno jiko vitu vitatu. Jiko ni chumba, jiko ni kile chombo chenye moto, na mwanaume akioa tunasema kapata jiko. Mtu ninayetaka kuwaeleza leo hakuwahi kuwa jiko la mtu yeyote. Hakuolewa, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake aliishi kwa ndugu zake au kwenye vyumba vya kupanga. Lakini ukiona jiko la kisasa lenye kaunta iliyoungana na sinki, makabati juu na chini, na moto pale pale mkono unapofika, ujue yeye ni kati ya watu wa kwanza kabisa kulichora kwenye karatasi na kueleza kwa nini liwe hivyo.

Anaitwa Catharine Beecher, Mmarekani. Wengi wanamfahamu mdogo wake, Harriet Beecher Stowe, aliyetikisa Marekani kwa riwaya ya Uncle Tom's Cabin mwaka 1852. Catharine ni yule dada mkubwa ambaye kwenye familia yenye watu maarufu huwa anafanya kazi na picha wanapigwa wengine. Mimi nasoma ualimu, na nakiri nilivutwa kwanza na Catharine mwalimu. Habari za makabati zilikuja baadaye.

Alizaliwa tarehe 6 Septemba 1800 huko East Hampton, jimbo la New York, mtoto wa kwanza wa mchungaji Lyman Beecher. Familia ilihamia Litchfield, Connecticut, akiwa bado mdogo. Mama yake, Roxana, alifariki mwaka 1816. Catharine ana miaka 16, nyuma yake kuna msururu wa wadogo wanaotaka kula na kuvaa. Wasichana wengi wanaosoma gazeti hili hawahitaji nieleze zaidi hapo. Baba alioa tena mwaka uliofuata, lakini binti alikuwa ameshajua kazi ya nyumbani inavyokula siku nzima ya mtu, toka alfajiri mpaka usiku, na kesho inaanza upya kama vile jana hakuna kilichofanyika.

Shule ya wasichana aliyosoma ilimfundisha kushona, kuchora na adabu za sebuleni zaidi ya hesabu. Hesabu aliikuta kwa njia ya msiba. Mwanzoni mwa mwaka 1822 alichumbiwa na Alexander Metcalf Fisher, kijana aliyekuwa profesa wa hisabati pale Yale. Aprili mwaka huohuo, Fisher akiwa njiani kwenda Ulaya, meli yake iliyoitwa Albion ilivunjika kwenye pwani ya Ireland naye akafa. Catharine alikwenda kukaa na wazazi wa marehemu huko Franklin, Massachusetts. Humo ndani zilikuwemo karatasi za mchumba wake, na yeye akakaa akazisoma, akajifunza aljebra na jiometri zilizonyimwa wasichana wa shule yake. Fisher alimwachia pia dola 2,000 katika wosia. Hakutafuta mchumba mwingine.

Mwaka 1823, pamoja na mdogo wake Mary, alifungua shule ya wasichana mjini Hartford. Chumba kilikuwa juu ya duka la hatamu na matandiko ya farasi. Wanafunzi 7. Baada ya miaka michache tu shule ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 100 na jengo lake lenyewe. Kilichonigusa mimi ni jinsi alivyopambana na ule utaratibu wa mwalimu mmoja kufundisha kila kitu ndani ya chumba kimoja kwa wakati mmoja. Alitaka kila mwalimu awe na masomo machache anayoyajua vizuri, aliwaingizia wasichana mazoezi ya viungo, na aliandika mwenyewe kitabu cha hesabu kwa sababu vilivyokuwepo havikumridhisha. Wenzangu mliotoka field juzi mkapewa masomo matatu na madarasa manne, mnaelewa nazungumzia nini.

Mwaka 1832 alimfuata baba yake Cincinnati, akaanzisha shule nyingine, na hiyo haikufika mbali. Ilifungwa mwaka 1837. Ndipo akageukia kalamu. Mwaka 1841 alitoa kitabu cha elimu ya nyumbani, A Treatise on Domestic Economy, kilichochapwa karibu kila mwaka mpaka kwenye miaka ya 1850. Ndani yake mna afya, chakula, hewa safi, malezi ya watoto, kufua, bustani, na michoro ya nyumba. Hoja yake ilikuwa moja tu: kama mwanasheria na daktari wanasomea kazi zao, kwa nini mwanamke akabidhiwe maisha ya watu nyumba nzima kwa kubahatisha?

Halafu kuna utafiti wake mdogo wa mwaka 1855, ambao kwangu ni mlango wa kuingilia jikoni kwake. Aliwaomba wanawake aliowafahamu miji mbalimbali wamtajie wanawake 10 wanaowajua vizuri na hali ya afya zao. Majibu yaliyorudi yalimsikitisha, maana wenye afya nzuri walikuwa wachache mno. Yeye akaanza kuulizia nyumba zenyewe: vyumba visivyo na hewa, nguo za kubana mbavu, na jiko lililojengwa na mtu asiyepika.

Mwaka 1869, yeye na Harriet wakatoa The American Woman's Home. Sehemu ya ramani inamhusu Catharine moja kwa moja. Hapo ndipo jiometri ya marehemu Fisher, kwa fikra zangu mimi, ilipopata kazi.

Alianza na meli ya mvuke. Mpishi wa meli, alisema, anapikia watu 200 kwenye kichumba kidogo sana, na kila anachohitaji anakifikia kwa hatua moja au mbili. Sasa angalia nyumba kubwa ya tajiri: sinki kule, unga stoo, vyombo chumba kingine, meza ya kulia upande wa pili. Nusu ya muda na nguvu za mwanamke inaishia kwenye kutembea kufuata vitu na kuvirudisha. Hakuna aliyekuwa akiuona mwendo huo, kwa sababu aliyekuwa akitembea hakuulizwa.

Basi akachora. Pipa la unga linaingia kwenye kabati linalolitosha barabara, lenye mlango wa kuliingizia na mfuniko wa kuinua unapochota. Ubavuni mwa pipa inaanza meza ndefu ya kazi, na juu yake ubao wenye pande mbili: upande mmoja wa kukatia nyama na mboga, wa pili wa kukandia mkate. Chini ya meza kuna visanduku vya unga wa aina nyingine na vyombo vya sukari. Meza inapoishia linaanza sinki, lina pampu mbili, ya kisima na ya maji ya mvua. Kichanja cha vyombo kimefungwa bawaba, ukikigeuza huku kinalala juu ya meza, ukikigeuza kule kinafunika sinki. Chini ya sinki, visanduku vya vitambaa na mataulo. Mwanga unatoka dirishani na kuangukia mikono. Unga, ubao, maji, kichanja: ni mpangilio wa kazi inavyokwenda, kutoka kibichi kwenda kilichooshwa.

Na moto? Hapa ndipo alipokuwa na akili ya ziada. Jiko la wakati ule lilikuwa dude la chuma la kuchoma makaa ya mawe. Lile alilolisifu yeye liliweka galoni 17 za maji ya moto muda wote, huku likioka mkate na kupasha pasi. Joto lake wakati wa kiangazi si mchezo. Catharine akaliweka kwenye chumba chake kidogo, kilichotenganishwa na sehemu ya matayarisho kwa milango ya kioo ya kuteleza. Ukiifunga, joto na harufu vinabaki kule, ila unaendelea kuona sufuria yako. Kuta za hicho chumba cha moto alizijaza rafu, na akatoa vipimo kama fundi: upande mmoja upana futi 1, kati ya rafu na rafu inchi 18; upande mwingine nyembamba zaidi, inchi 8 kwa 9. Vifaa vya jiko vikae kwenye visanduku vyenye mifuniko karibu na jiko lenyewe. Chombo kikae pale kinapotumika. Kanuni yote ndiyo hiyo.

Ukifikiri ni mambo ya kizamani ya Wamarekani, nenda pale nje ya geti umwangalie mama lishe wetu. Kakaa kwenye kigoda, majiko mawili ya mkaa mbele yake, ndoo ya maji kulia, sahani kushoto, beseni la kachumbari gotini, hanyanyuki mpaka sufuria ya wali iishe. Bibi zetu walipika hivyohivyo, kila kitu kikizunguka kigoda. Tukija kuweka makabati ya kisasa ndo tunapoteza ule mpangilio, tunaanza kupanga jiko kwa ajili ya mgeni anayechungulia.

Hilo nimeliona likizo iliyopita nyumbani kwa mama mdogo, Morogoro. Nyumba ilikuwa inakarabatiwa na amenunua jiko la gesi la plate nne lenye oveni chini, kitu alichokiwekea akiba muda mrefu. Fundi alikuwa amepatana na baba mdogo: makabati yaende mstari mmoja ukuta mzima bila kukatizwa, yapendeze, jiko la gesi lisukumwe kona ya mlangoni, sinki lipo ukuta wa pili chini ya dirisha. Mama mdogo hakuulizwa. Nilimwomba chaki, tukachora yote sakafuni, nikamwambia apike ugali na mchicha wa kufikirika huku mimi nahesabu. Alicheka, lakini alipika. Maji ya ugali tu yalimvusha chumba kizima akiwa na sufuria, akipita mbele ya mlango ambao wadogo zangu wanaingia mbio. Akishaepua hana pa kutua, maana pembeni ya jiko upande mmoja ni ukuta na mwingine ni mlango.

Akafuta chaki mwenyewe, akachora upya. Jiko likahamia katikati ya mstari wa makabati, kaunta kulia na kushoto, mahali pa kutua sufuria ya moto pande zote. Sinki likabaki lilipo, ila kaunta ikapinda kona kulifuata, kwa hiyo kutoka majini hadi motoni ni hatua mbili na huvuki njia ya mtu. Jiko hakulitaka chini ya dirisha, upepo unazima moto na pazia linashika. Juu ya jiko hakuweka kabati la kufikia kila siku, nani apitishe mkono juu ya mafuta yanayochemka? Droo ya unga na mwiko ikakaa ubavuni mwa jiko. Fundi alinung'unika kidogo kwa sababu mbao mbili alishazikata. Baba mdogo aliangalia chaki, akauliza kwa nini hakuambiwa mapema. Mama mdogo hakumjibu, aliendelea kupima kwa mkono wake urefu wa kaunta.

Sasa nisije nikamfanya Catharine malaika. Mwaka 1837 aliandika kumpinga Angelina Grimké, aliyewahimiza wanawake wajitokeze hadharani kupinga utumwa. Catharine naye hakuutaka utumwa, lakini alidai nguvu ya mwanamke ikae nyumbani na shuleni. Hadi miaka ya 1870 alipinga wanawake kupiga kura, wakati dada yake wa kambo, Isabella Beecher Hooker, alikuwa mstari wa mbele kuidai. Alihamasisha mamia ya walimu wa kike waende kufundisha majimbo ya magharibi, kazi kubwa kweli, lakini moja ya hoja zake kwa wafadhili ilikuwa kwamba mwanamke anaweza kulipwa kidogo kuliko mwanaume kwa kuwa hana familia ya kulisha. Hiyo sentensi mimi kama mwalimu mtarajiwa naisoma kwa hasira. Yeye mwenyewe maisha yake yote alikuwa akihangaika na pesa.

Kuna wenzangu darasani wanasema basi jiko zuri ni mtego, unampunguzia mwanamke hatua ili abaki humohumo. Nimewasikia, na kwa Catharine wana hoja. Lakini mchoro wake haukumtii. Ulipita mikononi mwa wengine: Christine Frederick akachora mistari ya nyayo za mpishi mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo wa kike, akabuni jiko la nyumba za manispaa ya Frankfurt, yakajengwa takribani 10,000. Huyo alilipanga dogo na la haraka ili mwanamke amalize, atoke, aende kwenye shughuli zake.

Catharine alizeeka bila kutulia. Alisafiri na mabegi yake, akafundisha, akaandika kitabu kingine cha utunzaji nyumba mwaka 1873. Miezi yake ya mwisho alikaa Elmira, New York, kwa Thomas, mdogo wake wa kambo. Alifariki hapo tarehe 12 Mei 1878, akiwa na miaka 77, kwenye nyumba ambayo jiko lake lilipangwa na watu wengine.